Ulimi Umeshakubali

Wanaosema walikuwepo wanasimulia hivi, na ambao hawakuwepo ndio waliotia saini kwamba walikuwepo.

Palikuwa na nchi ambayo jina lake bado lilikuwa kwenye kamati. Kamati ilikaa mwaka wa kumi na sita ikichagua baina ya majina mawili, na kwa kuwa yote mawili yalikuwa ya mtawala mwenyewe, Baba wa Uangalizi, hakuna mjumbe aliyethubutu kulikataa hata moja. Kwa hiyo wananchi waliiita nchi yao "hapa", na waliosafiri wakiulizwa huko ugenini wametoka wapi, walijibu "kule". Mambo yalikwenda.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria nzuri kuliko jirani zake wote. Sheria mojawapo ilisema kwamba kitu chochote kilichotengenezwa chuoni, kiwe dawa, kiwe mbegu, kiwe kidudu, kisitoke nje ya lango mpaka wananchi waelezwe, waulize, waelewe na wakubali. Ikaongeza kwamba hata baada ya hapo, mwananchi mmoja tu akisema "hapana" kabla ya siku tisini kwisha, shughuli yote inasimama. Sheria hiyo iliandikwa kwa wino wa dhahabu, ikatiwa kwenye fremu ya kioo, na ili isipauke kwa jua ikafungiwa kabatini katika Wizara ya Ridhaa. Wizara yenyewe ilikuwa na ghorofa tisa. Ghorofa nane zilikuwa za kupokea kukubali. Ya tisa ilikuwa ya kupokea kukataa, nayo ilikuwa haijajengewa ngazi.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo binti mmoja, Zawena, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyelelewa na bibi yake mzaa mama katika Mtaa wa Mabirika, ukuta kwa ukuta na chuo. Bibi Mashavu hakuwa na mali ya kumpa mjukuu, basi alimpa adabu, na alimpa kwa wingi. Katika mtaa ule ukiazima ungo wa jirani, unaurudisha na chochote ndani yake: kiganja cha mchele, ndimu mbili, hata majani ya chai yaliyofungwa kwenye gazeti. Kumrudishia mtu chombo kikiwa kitupu kulihesabiwa sawa na kumpita asubuhi bila kumsalimu. Zawena alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Huko chuoni, yeye na wenzake watano walikuwa wametengeneza chachu. Walichukua chachu ya kawaida ya uji, ile iliyo katika kila jiko, wakaibadilisha ndani kwa ndani kwa vifaa vyao vya maabara mpaka ikajua kazi mbili isizozaliwa nazo. Ya kwanza ilikuwa kutia ndani ya uji ile vitamini ya macho, maana Mabirika ilikuwa na watoto wengi ambao jua likishazama hupapasa ukuta kutafuta mlango. Ya pili ilikuwa kumpaka mnywaji rangi ya buluu ulimini kwa siku saba, ili muuguzi akisema "toa ulimi" ajue nani ameshakunywa na nani bado.

Na kwa kuwa Zawena alikuwa mtu wa kuogopa mambo kabla hayajatokea, aliitia chachu ile kufuli. Si la chuma. Aliifanya isiweze kuishi bila chumvi fulani iliyokuwa ndani ya chupa moja tu, kabatini mwa maabara. Ikiikosa chumvi hiyo, inakufa yenyewe siku ya saba na rangi yake inaondoka nayo. Wenzake waliibatiza Mgeni wa Wiki, wakacheka.

*

Zawena aliichukulia sheria kama ilivyoandikwa, na hapo ndipo alipoanza kuonekana mtu wa ajabu. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akapita nyumba kwa nyumba, akikaa pale alipokaribishwa, akieleza chachu ni nini na imefanywa nini. Watu wakauliza, naye akaandika. Mama mmoja aliuliza kama mtoto akitapika, kwenye ndoo itaota. Mwingine akataka kujua kama mume atagundua.

Mzee Tabwe, fundi viatu wa pembeni ya kisima, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona.

"Na mimi nikiwa sitaki?" akauliza.

"Unasema hutaki, babu. Mtu mmoja anatosha. Ndiyo sheria."

"Nikishasema sitaki, nitaendelea kukaa hapa?"

Zawena alicheka. Mzee Tabwe hakucheka. Alikata uzi kwa meno akaokota kiatu kingine.

Swali la mwisho lilitoka kwa Bibi Mashavu mwenyewe, akiwa anachambua choroko sebuleni. "Kikishatoka hicho kidudu chenu, nani anajua jina lake, amwite arudi?"

"Kina kufuli, Bibi. Siku saba kinakufa."

"Vizuri. Na ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Peke yako?"

Zawena alifunga daftari. Wenzake wote walijua namna ya kulifungua. Hakuliandika swali lile kwenye daftari.

Wiki iliyofuata Wizara ilimtuma chuoni Bwana Mkadamu, Afisa Mshirikishaji wa daraja la kwanza, mtu mnene mpole mwenye mihuri minne mfukoni na leso ya kuifutia. Alikaa kwenye kiti cha mhadhiri akalifungua daftari, na kila alipogeuza ukurasa uso wake ulizidi kuingia huzuni.

"Maswali arobaini na moja," akasema. "Binti yangu, umewafanya nini watu hawa?"

"Nimewaeleza, baba."

"Ndiyo hasara ya kueleza. Mwananchi aliyeshirikishwa sawasawa huwa hana swali. Huyu ana swali, huyu ana swali, huyu ana mawili! Umewaharibu." Alitoa muhuri wa pili, akaupuliza, akaanza kupiga chini ya kila swali neno LIMEJIBIWA, arobaini na moja, bila kuruka hata moja. Alipomaliza akaufuta muhuri kwa leso. "Na hili kufuli ninaloambiwa, ni la nini?"

"Ni la usalama, baba."

"Nani anamfungia nani? Serikali inawaamini wananchi, na wananchi wanaiamini serikali. Ukitia kufuli hapo katikati unamdhania nani mwizi?"

"Kufuli halitoki, baba. Nisamehe."

Bwana Mkadamu hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayetoa pole, akayahamisha macho yake taratibu kutoka kwa Zawena hadi kwa Fumo, kiongozi wa darasa na mmoja wa wale wenzake watano, kijana mtanashati aliyekuwa akisifiwa na walimu wote kwa kujua kunyamaza.

*

Mkutano wa kuwashirikisha wananchi ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa chuo. Wizara ilileta hema la wakubwa, viti vyenye vitambaa, mazulia mawili na bendi. Haikuleta bakuli hata moja. Mhusika wa bakuli alisema bakuli ziko chini ya Wizara ya Vyombo, na Wizara ya Vyombo ilikuwa likizo.

Basi wanafunzi wakaingia mtaani kuazima. Walirudi na bakuli mia mbili na kumi na nne: za bati zenye maua, za plastiki zilizoungua ukingo, za udongo, vikombe vya harusi visivyo na visahani, na masufuria madogo ya kuchemshia maziwa. Zawena aliandika kila kimoja ni cha nani, akabandika karatasi chini yake kwa gundi ya uji.

Waziri wa Ridhaa, Mheshimiwa Kibwebwe, aliwasili saa tano akazungumza mpaka saa saba.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Zamani za giza tulikuwa tunawauliza kwa karatasi. Karatasi inalowa! Tukawauliza kwa mikono. Lakini mkono, ndugu zangu, unaweza kuinuliwa na mtu anayejikuna! Takwimu zetu zimejaa watu waliokuwa wanajikuna! Leo vijana wetu wametuletea elimu. Kunyweni!"

Watu walikuwa na njaa na jua lilikuwa kali. Wakanywa. Uji ulikuwa mtamu kwa kweli, hilo hata Mzee Tabwe alilikubali, akaongeza bakuli la pili. Bibi Mashavu peke yake hakunywa. Daktari alikuwa amemkataza vitu vichachu tangu miaka saba nyuma kwa ajili ya vidonda vya tumbo, na alikuja na chupa yake ya maji ya uvuguvugu ndani ya mkoba wa ukindu. Alikaa nyuma kabisa, na hakuna aliyemwona.

"Toeni ndimi!" akaamuru Waziri.

Wakazitoa. Makarani walipita safu kwa safu na kalamu zao, na uwanja mzima ulikuwa umeachama, watu wazima na watoto, ndimi nje, buluu kama wino wa shule. Mheshimiwa Kibwebwe alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimwinamia Bwana Mkadamu akamnong'oneza neno, na Bwana Mkadamu akaliandika kwenye kiganja chake.

Matokeo yalitangazwa hapo hapo: wananchi wamekubali wote, na ziada kidogo.

Wageni walipoondoka, wanafunzi wakaosha vyombo. Zawena alisimama mbele ya lile rundo la bakuli safi akaona haya. Angewezaje kumrudishia Mama Fulani bakuli lake la maua likiwa jeupe hivyo, tupu, baada ya hisani yote ile? Chungu cha chachu kilikuwa kimebaki zaidi ya nusu. Ridhaa imeshatolewa, lango liko wazi, na siku ya saba itakufa yenyewe. Alichukua upawa wa mti alioletewa na Bibi, akachota kidogo kidogo, bakuli kwa bakuli, mia mbili na kumi na nne, huku akiimba. Fumo alikuwa anapanga viti. Alimwona. Alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea kupanga viti.

*

Siku ya nane Zawena aliamka, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, ulimi ukiwa buluu. Alisugua kwa mswaki, halafu kwa majivu. Siku ya tisa alijitazama mara nne. Siku ya kumi aliacha kujitazama akaenda maabara, akafungua kabati, akaishika ile chupa ya chumvi. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni na vumbi juu ya kizibo. Kwenye meza, chungu cha chachu kilikuwa kinatoa mapovu kama kawaida, hakijapewa hata chembe tangu Jumamosi ile.

Alimkuta Fumo chini ya ngazi, amevaa tai.

"Fumo. Nani kafungua kufuli?"

"Niliambiwa nifungue, kabla ya mkutano."

"Sikuuliza uliambiwa nini."

"Bwana Mkadamu alisema ni maelekezo. Zawena, mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Nikimaliza hapa nina nafasi Wizarani, ghorofa ya tano."

"Uliniona nikichota kwenye bakuli za watu."

"Nilikuona."

"Hukusema neno!"

Fumo alitazama viatu vyake. "Ulikuwa unaimba," akasema. "Niliona vibaya kukukatiza."

Tangu siku ile Zawena alijua kazi yake ni moja tu katika dunia: kuirudisha ndani ile chachu aliyoitoa kwa mkono wake. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiiomba. Wakamwambia kwa mapenzi mema, "Wewe wa kuomba chachu? Mbona ni yako? Chukua, chukua nyingi." Na kila aliyemgawia alikuwa ameshamgawia mwingine, kwa sababu hakuna mwanamke katika nchi ile aliyemnyima mwenzake chachu; hata waliogombana hutumiana kwa mkono wa mtoto. Ilikwenda arusini ndani ya vidumu. Ilikwenda msibani. Ndani ya wiki sita ilikuwa imevuka mito mitatu, na kila ilipovuka ilibebwa na mtu mwema.

Halafu askari wakaanza kusimama njiani. Hawakutaka kitambulisho. "Toa ulimi," walisema, na ukiutoa wanakupungia upite. Kisha ikawa hospitali, kisha shule, kisha foleni ya unga. Na kila asubuhi saa moja redio ilisema, "Wananchi kwa kauli moja wamekubali," halafu ikataja jambo. Wamekubali soko la Mabirika livunjwe. Wamekubali Februari ifutwe kwa kuwa ni fupi. Wamekubali Baba wa Uangalizi aendelee kuangalia mpaka atakapochoka yeye mwenyewe. Watu walisimamisha shughuli zao, vijiko mkononi, kusikia leo wamekubali nini.

Mzee Tabwe peke yake ndiye aliyesema. Alikuwa kwenye foleni ya unga, soko limevunjwa juzi yake. "Mimi sikukubali," akasema, wala hakupaza sauti.

"Toa ulimi, mzee," askari akamwambia.

Akautoa. Askari alicheka kwa upole, akampigapiga begani. Kesho yake kibanda cha pembeni ya kisima kilikuwa kimefungwa, na sanduku la zana liko nje limepinduliwa. Kwa wiki nzima watu wa Mabirika walionekana wakitembea na kiatu kimoja cha ngozi na ndala moja, kwa sababu viatu vya pili vilikuwa ndani ya kibanda na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

*

Siku ya themanini na saba Zawena alikwenda Wizarani. Alipanda mpaka ghorofa ya nane, akasimama akatazama juu mahali ambapo ngazi ingekuwa. Bwana Mkadamu alimkuta hapo.

"Nimekuja kusema hapana, baba. Sheria inaruhusu mmoja."

"Inaruhusu, inaruhusu! Sheria yetu ni nzuri mno." Alimshika kiwiko kama baba mzazi. "Ila hapana ni lazima itoke kwenye ulimi ambao haujasema ndiyo. La sivyo mtu angesema hivi leo na vile kesho, na nchi ingekuwa kijiwe. Toa ulimi, mwanangu."

Zawena hakuutoa. Hapakuwa na haja. Alikuwa anauona kila asubuhi.

"Nchi nzima hii," akasema, "hakuna aliyebaki na ulimi mweupe."

"Ndipo utakapojua jinsi tunavyopendana," akajibu Bwana Mkadamu, na macho yake yalikuwa na unyevu wa kweli.

Zawena aliporudi nyumbani alimkuta Bibi Mashavu anakunywa uji wake, uji mtupu wa mtama usiotiwa chachu, kwa kijiko. Akasimama mlangoni akamtazama anavyolamba kijiko. Ulimi ulikuwa wa waridi, wa kizee, una mfereji katikati. Akaketi chini pale pale.

"Una nini?" Bibi akauliza.

Zawena akamweleza yote. Kufuli, Fumo, bakuli, ghorofa ya tisa. Bibi Mashavu alisikiliza akiwa ameshika kijiko.

"Ulichota na upawa upi?"

"Ule wa mti. Wa kwako."

Bibi alikiweka kijiko ndani ya bakuli. Mtaani mtu alikuwa anavuta ndoo kisimani, kamba ikilia.

"Nilikufundisha usirudishe chombo kitupu," akasema mwishowe. "Sikukufundisha kuangalia unarudisha nini. Basi hilo ni letu sote wawili. Siku ya tisini inaangukia siku gani?"

"Bibi, sikukwambia ili uende! Umemwona Mzee Tabwe?"

"Sijamwona. Nawe hujamwona. Ndiyo maana nauliza siku."

*

Siku ya tisini, saa nne asubuhi, Ukumbi wa Ridhaa ulijaa. Sheria ililazimisha kikao cha mwisho kifanyike, nacho kilikuwa kikifanyika kila mara kwa muda wa dakika tatu: karani anauliza kama kuna hapana, kimya, makofi, soda. Bibi Mashavu alivaa kanga yake ya zambarau iliyopigwa pasi ya mkaa, akafunga kilemba, akashika mkoba wa ukindu. Zawena alimshika mkono.

"Kuna hapana?" karani akauliza akiwa ameshanyanyua mikono kupiga makofi.

"Ipo," akasema Bibi Mashavu.

Mheshimiwa Kibwebwe alitafuta sauti ilikotoka. "Sogea mbele, mama. Toa ulimi."

Bibi akasogea, akautoa, akawageukia na watu ili nao waone. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Wengine walitazama pembeni kama wamemfumania mtu bafuni. Mwanamke mmoja wa makamo akaanza kulia bila kelele, mkono mdomoni, kwa kuwa alikuwa amesahau kwamba ndimi zilikuwa na rangi hiyo.

"Hapana," akasema Bibi Mashavu. "Sikuikubali hiyo chachu yenu, wala yaliyokubaliwa kwa ajili yake. Naomba iandikwe."

Karani alishika kalamu, akageuza fomu mbele na nyuma. "Mheshimiwa, hapa hapana haina mstari."

Waziri na washauri wake waliinamiana, vichwa pamoja, kwa muda wa kuchemsha chai. Zawena alihesabu vigae vya sakafuni ili asipige kelele. Kisha Mheshimiwa Kibwebwe akainuka, mwenye furaha na utulivu.

"Ndugu wananchi! Leo sheria yetu imekomaa. Sheria inasema atakayekataa awe mwananchi *aliyeshirikishwa*. Mama huyu ulimi wake ni ushahidi, tena tumeuona sote, kwamba hakushirikishwa. Ambaye hakushirikishwa hana analolijua. Asiye na analolijua atakataa nini?"

"Basi nishirikishe," akasema Bibi.

"Karibu sana! Leteni uji!"

Uji ukaletwa, wa moto, juu ya sinia ya wizara. Bibi Mashavu aliutazama.

"Nikishakunywa nitaruhusiwa kukataa?"

"Kwa haki zote, mama."

"Na ulimi wangu utakuwaje?"

"Utakuwa umeshakubali."

 Bibi aliisukuma sinia taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeshiba.

"Mheshimiwa, mwanangu. Mama yako yu hai?"

"Marehemu," akasema Waziri.

"Pole. Alizikwa na ulimi wa rangi gani?"

Waziri akafungua mdomo, na wote waliokuwa mbele wakauona ulimi wake. Ulikuwa wa waridi, safi kabisa, kama wa mtoto. Naye akagundua kwamba wameuona. Alifunga mdomo kwa haraka mpaka meno yakalia, na kuanzia hapo alizungumza kwa kuandika kwenye karatasi, karani akasoma.

Zawena aliruka juu ya benchi. "Mmeona! Wenyewe hawanywi! Nasema mimi niliyeitengeneza: hapana! Nilikosea, ni kosa langu, ifungwe, iteketezwe!"

Aliwatazama watu mmoja mmoja, jirani aliowaandikia maswali yao kwa mkono wake. Nao wakamtazama kwa huruma, midomo imefumbwa. Aliye karibu naye alimvuta gauni. "Kaa, mwanangu," alinong'ona. "Kaa chini. Tumeshakubali sisi."

Karani alisoma karatasi ya Waziri. Ilisema kwamba Bibi Mashavu, kwa kuwa si miongoni mwa walioshirikishwa, na kwa kuwa wananchi wote wameshirikishwa, basi si miongoni mwa wananchi. Ni mgeni. Serikali inamkaribisha, inamtakia kukaa kwema, na inamtaka aripoti zahanati kila Jumanne. Kengele ya saa sita ikapigwa, siku tisini zikatimia. Makofi yakaanza upande wa viti vya wakubwa yakasambaa mpaka nyuma.

*

Jumanne ya kwanza Zawena alimsindikiza. Zahanati ilikuwa imepakwa rangi mpya, na kwenye benchi wajawazito walikuwa wamekaa wakipepea nyuso kwa kadi zao. Muuguzi alimmulika Bibi mdomoni kwa tochi, akaandika "mgeni, hali yake ile ile", akampa karatasi.

Walipokuwa wanatoka, sauti ikamwita Bibi kutoka chumba cha pili. Alikuwa ni Sikujua, msusi wa mtaa wa nyuma, amejifungua nusu saa iliyopita, amelala na jasho la shingo halijakauka. Mtoto wa kike, mzito, nywele tele.

"Njoo umwone, bibi. Ziwa sijampa bado, ananguruma tu kama paka."

Bibi Mashavu alimpokea kwenye kanga. Akafanya walivyofanya wazee wa Mabirika tangu zamani, akamfungua mdomo kwa ncha ya kidole kidogo aone kama kaakaa liko sawa. Zawena aliona mgongo wa bibi yake ukikakamaa. Akasogea akachungulia juu ya bega lake. Mtoto hajaonja maziwa, hajaonja maji, hajaonja kitu chochote cha dunia hii. Alilia kwa nguvu, mdomo wazi, ulimi ukitetemeka ndani, mdogo kama ukucha, na ulikuwa buluu.

Muuguzi aliingia na daftari kubwa la serikali. Hata hakushangaa. Alimtazama mtoto kinywani jinsi mtu anavyotazama saa, akalainisha ukurasa.

"Jina?"

"Bado hatujachagua," akasema Sikujua. "Tunamngoja baba yake."

"Si kitu. Jina linaweza kungoja." Akapita mstari wa jina, akashuka kwenye mstari wa pili, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Amekubali*.

Sikujua alijiinua kwa kiwiko. "Amekubali nini, dada?"

Muuguzi alipiga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

"Hatujaletewa bado," akasema.